Je, Wajua? Saa ya Mshale Mmoja

Je, wajua kuwa kwa takribani karne tatu saa nyingi za mitambo barani Ulaya zilikuwa na mshale mmoja tu? Ulikuwa mshale wa saa. Wa dakika haukuwekwa kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa zikikimbia au kuchelewa kiasi cha robo saa kwa siku. Fundi aliyeijua kazi yake hakuona sababu ya kuonyesha dakika ambazo mashine yake haikuweza kuzitunza.

Aliyebadili mambo ni Mholanzi Christiaan Huygens. Mwaka 1656 alibuni saa ya pendulamu, na makosa yale ya robo saa kwa siku yakashuka hadi sekunde 15 hivi. Mwaka 1675 akatangaza springi nyembamba iliyojiviringa, ya kudhibiti gurudumu dogo linalokwenda huku na huku ndani ya saa ya mfukoni. Kuanzia hapo dakika zikawa na thamani ya kuonyeshwa, na mshale wa pili ukaenea.

Je, wajua kuwa uso wa saa ulioko ndani ya kanisa kuu la Florence, Italia, uliochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443, una mshale mmoja unaozunguka kinyume cha saa zote ulizowahi kuvaa? Uso huo una saa 24, na saa ya 24 hufika jua linapozama. Hapo siku huisha na nyingine huanza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuhusu hesabu hiyo, kwani kwa wazee wa Pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake. Tofauti ni kwamba pale Florence machweo ya kiangazi na ya majira ya baridi hupishana kwa zaidi ya saa tatu, kwa hiyo saa ile huhitaji kurekebishwa mara kwa mara. Zanzibar na Mombasa jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima. Hesabu yetu imekaa imara bila fundi wa kuirekebisha.

Mnara wa saa wa uwanja wa Mtakatifu Marko, Venice, ulizinduliwa mwaka 1499. Nao una saa 24 na mshale mmoja. Mwaka 1858 yaliongezwa mapipa mawili yanayozunguka: moja huonyesha saa kwa namba za Kirumi, jingine dakika, nalo hubadilika kila baada ya dakika tano. Zishike hizo dakika tano, maana ndizo kipimo cha saa za mshale mmoja hadi leo.

Je, wajua kuwa Westminster Abbey ya London ina saa ya mshale mmoja kwenye mnara wake wa kaskazini-magharibi? Iliwekwa mwaka 1738, wakati mshale wa dakika ulikuwa umeshazoeleka. Bado ipo.

Je, wajua kuwa saa ya mshale mmoja iliyosifika kuliko zote ilizaliwa kwa sababu ya biashara iliyoharibika? Abraham-Louis Breguet, fundi saa mashuhuri, alirudi Paris mwaka 1795 baada ya kuyakimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Wateja wake wa jana, matajiri wa jumba la kifalme, wengine walikuwa wamekatwa vichwa na wengine wametoroka nchi. Akabuni saa ya mfukoni iliyokuwa rahisi kutengeneza na rahisi kukarabati: uso mweupe wa enameli, kipenyo cha milimita 61, mshale mmoja, na kila saa imegawanywa kwa alama za dakika tano. Mteja alilipa robo ya bei alipoagiza, na fedha hizo ndizo zilizoiendesha karakana. Zilitengenezwa zipatazo 700. Nami naamini kuwa hakuna saa ya Breguet inayoonyesha akili yake vizuri kuliko hii, pamoja na vito na nakshi za zile nyingine, kwa sababu hapa aliondoa kila kitu ambacho mteja angeweza kuishi bila nacho na bado akabakiza saa ya kuaminika.

Saa za Breguet zilighushiwa sana. Akazitia sahihi ya siri kwenye uso, ndogo kiasi kwamba haionekani mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Kwa hiyo alama za uhalali wa toleo maalumu tunazoziona leo zina ukoo mrefu.

Kampuni ya Breguet ilipotimiza miaka 250, mwaka 2025, ilitoa saa ya mkononi ya mshale mmoja, Classique Souscription, yenye kipenyo cha milimita 40. Hiyo hutiwa ufunguo kwa vidole. Otomatiki ni habari nyingine.

Je, wajua kuwa saa ya otomatiki, yaani inayojitia ufunguo yenyewe, ilikuwapo kabla ya saa ya mkononi kuenea? Mwaka 1777 wanachama wa chama cha sanaa cha Geneva waliripoti kuwa saa ya mfukoni ya Abraham-Louis Perrelet wa Le Locle ilihitaji mwenyewe atembee dakika 15 tu ili ijae nguvu za siku nane. Lakini mfuko wa koti hautikisiki sana. Kifundo cha mkono ndicho mahali pake hasa, na John Harwood, fundi Mwingereza aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza, aliliona hilo. Alipata hataza yake ya Uswisi mwaka 1924. Kilichomsumbua zaidi ni vumbi na unyevu uliopenya kupitia kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo, kwa hiyo akakiondoa kabisa: saa yake ilirekebishwa kwa kuzungusha ukingo wa kioo.

Mwaka 1931 Rolex ikaja na uzito wa nusu duara unaozunguka mzunguko mzima bila kugonga ukuta. Mpangilio huo ndio ulioko kwenye saa nyingi za otomatiki leo.

Je, wajua kuwa saa nyingi za otomatiki za mshale mmoja hazina mashine ya pekee? Ndani yake hukaa mashine zilezile za Uswisi zinazotumika kwenye saa nyingine maelfu kwa maelfu, kama ETA 2824-2 au Sellita SW200. Kipenyo cha milimita 25.6, unene wa milimita 4.6, akiba ya nguvu ya saa 38 au zaidi kidogo. Gurudumu lake dogo hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kwa sekunde. Gia ya dakika imo ndani na inazunguka kama kawaida. Ila haikuvikwa mshale. Kwa kusema hivyo sitaki msomaji adhani kazi ya mbunifu ni nyepesi. Kazi yake yote imehamia juu ya mashine, kwenye uso na mshale, na huko ndiko kwenye ugumu.

Hebu tupige hesabu. Mshale wa saa huzunguka nyuzi 360 kwa saa 12, sawa na nyuzi 30 kwa saa na nusu ya uzi kwa dakika. Ukiigawa kila saa kwa dakika tano tano unapata alama 144 kuuzunguka uso. Sasa chukua duara la alama lenye kipenyo cha milimita 36. Mzingo wake ni milimita 113. Kutoka alama moja hadi nyingine ni chini kidogo ya milimita 0.8. Katika safari hiyo fupi mashine hupiga mara 2,400.

Ndiyo maana mshale wa saa hizi huwa mrefu na mwembamba kama sindano. Ukiwa mnene wa milimita moja unafunika alama nzima na zaidi, na dakika tano zinapotea chini yake. Ukiwa mfupi, jicho linalazimika kukisia umbali kutoka ncha hadi alama. Hapa hapana nafasi ya mapambo.

Ncha ya mshale huo husafiri milimita 226 hivi kwa siku. Kwa mwaka mzima haifiki hata meta 83.

Je, wajua kuwa kosa ambalo saa ya kawaida hulisamehe, saa ya mshale mmoja hulitangaza? Katika saa yenye mishale miwili, mshale wa saa ukiwekwa umepinda kwa uzi mmoja hakuna atakayejua, kwa kuwa dakika zinasomwa kwingine. Hapa uzi mmoja ni dakika mbili. Kuna pia ulegevu mdogo kati ya meno ya gia, ambao ni wa lazima ili magurudumu yasikwame. Mshale mrefu ukiwa mzito upande mmoja, huulalia ulegevu huo: ukiteremka unatangulia kidogo, ukipanda unasita. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni springi ndogo bapa chini ya uso, inayoikandamiza gia ya saa isicheze. Ya pili ni mkia nyuma ya mhimili, unaosawazisha uzito wa mshale. Mkia huo watu huudhani urembo, kumbe una kazi, na baadaye nitaupa kazi nyingine.

Ncha ya mshale katika saa zilizotengenezwa kwa uangalifu hupindwa kidogo kuelekea chini, ili ikaribie uso. Ikiwa juu mno, ukiitazama saa kwa pembeni ncha huonekana imesogea, na kwa saa hii kusogea kwa milimita 0.3 ni kusogea kwa dakika mbili.

Namba? MeisterSinger, kampuni ya Münster, Ujerumani, iliyoanzishwa na Manfred Brassler mwaka 2001, huandika saa kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03 hadi 12. Sifuri ile mbele si ya bure. Kila namba inapata upana unaolingana na wenzake, na uso hauelemei upande wa 10, 11 na 12. Ni jambo dogo, lakini ukiutazama uso wenye namba za kawaida baada ya hapo utaona unavyolala kushoto.

Nembo ya kampuni hiyo ni fermata, alama ya muziki inayomwambia mwimbaji ashikilie noti kwa muda anaoona unafaa.

Hata hivyo Münster haikuwa ya kwanza katika zama hizi. Mbunifu mwingine wa Ujerumani, Klaus Botta, alitoa saa ya mkononi ya mshale mmoja iitwayo UNO mwaka 1986, wakati saa za betri zilikuwa zimetawala dunia na kila kampuni ikishindana kuongeza vitufe. Nako Minsk, Belarus, kiwanda cha Luch hutengeneza saa za mshale mmoja za kutia ufunguo kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu.

Je, wajua kuwa ipo saa ya mshale mmoja ambayo mshale wake ni wa dakika? Ni Salthora ya MeisterSinger. Saa yenyewe huonekana kwenye kidirisha, na dakika 60 zikitimia namba huruka kwenda ya pili yake. Ndugu yake, Bell Hora, hugonga mara moja kila saa kamili. Na katika Perigraph, tarehe haikufichwa nyuma ya kidirisha: pete nzima, kuanzia 1 hadi 31, iko wazi katikati ya uso, nawe unaona siku iliyopita na zinazokuja.

Nani asiinunue saa hii? Muuguzi, kwanza. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alieleza saa yake ya kupimia mapigo ya moyo, na tangu hapo kazi ya tiba imehitaji sekunde. Refa naye aiache nyumbani. Kwa wengi wetu waliobaki, wanaokwenda sokoni, ofisini, msikitini na kanisani, dakika tano zinatosha, na mwenye mazoea husoma hata dakika mbili kwa kukadiria ncha ilipo kati ya alama.

Je, wajua kwa nini matoleo maalumu mengi hutofautiana na ya kawaida kwa uso tu? Kubuni mashine mpya au kasha jipya kunahitaji vifaa vya gharama ambayo saa 50 au 100 haziwezi kuirudisha. Uso ni mwepesi zaidi. Bati la shaba huchukuliwa, likapakwa rangi, kisha alama huchapwa kwa pedi laini ya silikoni: wino hujazwa kwenye michoro iliyochimbwa juu ya sahani ya chuma, pedi huuchukua na kuugandamiza juu ya uso. Alama zote 144 zinaweza kushuka kwa mguso mmoja. Rangi ya pili ni sahani ya pili na mguso wa pili, na zikipishana hata kidogo uso huo hutupwa. Kwa hiyo ukikuta saa ya toleo maalumu yenye rangi tatu zilizokaa barabara, heshimu mkono uliozichapa.

Nyuma ya kasha huchongwa namba ya saa na jumla ya toleo, tuseme 012/100. Muulize muuzaji kwa upole: jumla hiyo ni ya saa zote, au ni ya rangi hii peke yake? Kuna kampuni zinazotoa rangi tano, kila moja ikiwa na "100" yake, na mnunuzi hudhani yuko kati ya watu 100 kumbe wako 500. Toleo lenye maana, kwa maoni yangu, ni lile ambalo uso wake una hoja ambayo toleo la kawaida halina. Kubadili buluu kuwa kijani hakutoshi.

Kioo cha saa za kiwango hiki huwa cha yakuti ya maabara, yenye ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs. Almasi ni 10. Mchanga wa ufukweni, ambao mwingi ni kwazi yenye ugumu wa 7, haukwaruzi kioo hicho. Mkanda wa ngozi je? Joto na jasho la Pwani huula haraka. Chagua wa nguo au chuma.

Je, wajua kuwa saa ya mshale mmoja ya saa 24 ni dira? Kaskazini ya mbali, kama Ujerumani, ukiishika saa bapa na kuuelekeza mshale kwenye jua, namba 12 ya adhuhuri huelekea takribani kusini, ilimradi saa ifuate majira ya jua ya mahali hapo. Usijaribu Tanga wala Lamu. Kwetu jua la mchana hukaa karibu na utosi, na kwa miezi kadhaa hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo hila hiyo hutupoteza.

Sasa mkia wa mshale. Je, wajua kuwa saa ya mshale mmoja inaweza kuonyesha saa za Kizungu na za Kiswahili kwa wakati mmoja bila kubadili chochote? Kati ya hesabu hizo mbili kuna saa sita kamili, na saa sita kwenye uso wa 12 ni nusu duara. Ncha ikiwa kwenye 9, mkia unaelekea 3: saa tatu asubuhi. Ncha ikiwa kwenye 10 na alama nne, mkia unaelekea 4 na alama nne: saa nne na dakika ishirini. Ni sawa kwa dakika, si kwa saa tu. Saa ya mishale miwili haiwezi hilo, kwa sababu ukivuka upande wa pili kusoma saa, dakika unalazimika kuzirudia upande wa kwanza. Wengi wetu tumelelewa kuona 9 na kutamka tatu, mpaka tumesahau kuwa kichwani tunaligeuza duara. Mshale mmoja umelifanya wazi.

Na ukiamua kuitia saa ya otomatiki yenye tarehe majira ya Kiswahili moja kwa moja, yaani mshale uwe kwenye 12 ifikapo saa 12 jioni, unaweza kuipanga tarehe igeuke wakati huohuo wa magharibi. Siku mpya itaanza kwenye mkono wako inapoanza katika hesabu ya wazee na katika kalenda ya Kiislamu. Mashine haihitaji kuguswa. Inajua kuhesabu saa 24 tu. Pa kuanzia unaiambia wewe.

Kwa hiyo nawaomba wabunifu wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi, pamoja na mafundi saa wetu wenye meza zao mitaani, mlifikirie toleo dogo la saa hii. Mashine inanunulika, kasha linanunulika. Kinachotakiwa ni uso na mshale: mkia urefushwe hadi ufike kwenye alama, upakwe rangi yake, ncha isome saa za dunia na mkia usome zetu. Saa 100 zatosha kuanzia, na robo ya bei ilipwe mapema, kama alivyofanya Breguet.